Kanda la Usufi

Gari lilikomea chini, penye mawe meupe ya wadi.
Punda wa Hilali alitutazama, akatupa kisogo.
Basi friji likapanda mgongoni kwangu,
kamba kifuani,
mlango umefungwa kwa kilemba cha Thuweni.

Ngazi za mawe sikuzihesabu,
zilinihesabu zenyewe, goti kwa goti.
Thuweni nyuma, mkono mmoja wasukuma,
wa pili una sigara:
"Jikaze! Mzigo wa mwenzio..."
Methali akaimalizia kwa kikohozi.

Kwenye mfereji wa falaji nikateleza.
Friji likanizungusha, likataka tucheze;
nikaona bonde, nikaona mikomamanga,
nikaona bonde tena.

Na maji yakinitiririka uti wa mgongo,
baridi, baridi isiyo ya jasho.
Nikasema moyoni: kuna kitu kimepasuka,
labda damu ikichoka hupoa.

Shangazi Shinuna alingoja kizingitini,
vichupa vyake vya insulini
vimo mtungini, vimefunikwa kitambaa kibichi.
Akafungua kilemba. Akafungua mlango.

Nguru wawili wazima,
na barafu iliyobaki.

Thuweni akatazama jabali.
"Ningekwambia,
ungebeba?"