Hodi Tatu

Haima haina mnara wa kuongozea ndege.
Kuna njia moja ya lami, kibanda cha zimamoto,
soksi ya upepo iliyochanika ncha,
na masafa ya redio ambayo ni ya kila mtu,
yaani si ya mtu.

Mama, kule Ruwi, alitufunza hodi tatu:
ukibisha ya tatu na kimya, rudi.
Lakini hewani, Mama, nyumba haina mlango
wala mwenyewe. Unakatiza sebuleni
huku ukijitangaza: ni mimi, Zuweina,
injini moja, viti viwili,
nalifuata bomba la mafuta, futi elfu mbili,
maili sita kusini.
Kimya.
Maili tano.
Kimya, na mchakacho wa redio kama mchanga sahanini.

Asubuhi ile jua lilikuwa jeupe mithili ya chokaa,
vumbi limepanda, upeo umefutika.
Nilikuwa nikitazama chini, nikitafuta doa jeusi
ubavuni mwa bomba, ndiyo kazi ninayolipwa,
kikapita kivuli juu ya mchanga
kisichokuwa changu.

Watu mia na ushei, zamu mpya ya visimani,
wengine wamelala vinywa wazi,
mmoja pengine ananyoosha shati, anauliza saa.
Tumbo la ndege yao likanipita utosini,
magurudumu yameshuka; nikaona lile la kushoto
lina kipara upande mmoja.
Kisha upepo wake ukanikamata
kama mtu akung'utaye mkeka.

Nilikuwa nimebisha. Naapa.
Nilitua nikiwa nimeshapanga matusi
ya Kiarabu, ya Kiswahili, ya kunyamaza.
Nikainama kuzima redio, nikaisoma:
tarakimu ya mwisho, tano.
Karatasi iliyobandikwa pajani kwangu, kwa mwandiko wangu: saba.
Asubuhi nzima nimepiga hodi
nyumba ya jirani.

Kapteni Ghalib alishuka ngazi mwisho, kofia kwapani.
Hakupaza sauti. Alinitazama, akaitazama karatasi,
akasema, "Na mimi niliangalia vipimo mno. Dirisha ninalo."
Macho hayana pazia, husema Mama;
yetu yalikuwa nalo, manne.

Wafanyakazi wakapita na mabegi yao kuelekea basi.
Kijana mmoja akasimama, akaipiga picha ndege yangu,
akamwita mwenzake aje auone
udogo wake.