Hesabu ya Uani

Miaka ishirini na minane nilipima miwa ya watu:
lori linaingia limejaa, linatoka tupu,
tofauti naiandika, mwenye shamba anaguna.
Sasa napima uani kwangu kwa hatua za miguu,
thelathini na mbili toka mlangoni hadi kwenye michongoma,
kumi na tisa kwa upana, ukitoa choo na banda la ng'ombe.
Ng'ombe atalala kwa Wasilwa siku hiyo.
Nimeshamweleza. Wasilwa, si ng'ombe.

Hoteli ya Bungoma mjini ilitutajia bei;
nikamwomba yule kijana arudie,
nikidhani ananipa nambari yake ya simu.

Basi ni hapa Bukembe, nyuma ya nyumba,
ambapo marehemu mama yao alipanda bila mpango,
waridi katikati ya kunde, kunde katikati ya waridi,
na nikilalamika aliniambia, macho nayo hula.
Kamati inataka kunde ing'olewe, ipandwe nyasi.
Nimekataa. Majani yatakuwa tayari wiki hiyo hiyo:
mapambo hadi saa nne,
baada ya hapo ni mboga.

Viti mia na hamsini, vya kanisa, bure,
ila tuvioshe kabla na baada
na mwenyekiti wa akina mama akae mbele.
Hema, elfu kumi na nane.
Hapa niliweka kalamu chini, nikautazama Masaba.
Mvua ya Agosti haina adabu lakini ina saa:
saa tisa, na robo ikichelewa.
Tukila saa sita, hotuba zikiwa tatu,
na Khaoya asipewe kipaza sauti,
tutakuwa tumemaliza kabla ya tone la kwanza.
Nikafuta hema.
Nikaandika: Khaoya, aonywe mapema.

Kuku arobaini. Ishirini ni wa hapa,
kumi watatoka Malaba kwa akina Ekisa, ndani ya tenga,
kumi ni deni ambalo mdeni wangu amelikumbuka ghafla
aliposikia kuna harusi.
Firigisi, kwa hiyo, ni arobaini.
Wazee wanaodai firigisi ni sitini na watatu.
Hesabu hii nimeirudia mara nne.
Nimeiachia kamati.

Keki, ghorofa tatu, elfu ishirini na moja.
Hii sikuifuta. Kila binti wa rika lake alikata ya ghorofa,
na mimi kiinua mgongo changu bado kiko njiani,
mwaka wa sita njiani,
pengine kinakuja kwa miguu.
Nikaiandika kwa wino, nisije nikajikana asubuhi.

Jana usiku Naliaka alitoka kazini,
akavuta taa, akasoma kurasa zote kimya
kama mkaguzi aliyetumwa na serikali.
Keki akaishusha hadi ghorofa moja.
"Zile mbili za juu, Baba, ni za kupigia picha.
Nani hula picha?"
Nusura nimwambie: mama yako.
Akafuta gari la kukodi. Kutoka kanisani ni mita mia sita,
watakuja kwa miguu, na Ekisa, alisema,
ni fundi wa pampu, amezoea matope.
Akafuta kadi. Akafuta riboni za viti.
Kisha chini kabisa, chini ya chumvi na viberiti,
akaongeza mstari ambao sikuwa nimeuweka:
*Viatu vya Baba, 2,800. Saizi nane.*

Nikaitazama miguu yangu, iliyopima uwanja wote huu.
Ile mizani ya kiwandani, miaka yote ile,
sikuwahi kuipanda mwenyewe.

Mimi huvaa tisa.
Sikusahihisha.
Nilijumlisha safu ya kulia, nikatia sahihi.
Vitanibana mpaka saa tisa,
mvua ikija nitavivua.