Jongoo Kapanda Mtungi

Tulimpa jina Jongoo, nami nikacheka peke yangu,
kwa kuwa Middlesbrough nzima hakuna ajuaye
ni mtungi gani jongoo hapandi,
na kwa nini wanaume wa kwetu huangalia viatu ukitajwa.
Nev Stobbart aliuliza, "Kuna nini?"
Nikasema, "Methali tu." Sikufafanua.

Alizaliwa gereji namba saba, nyuma ya duka la mazulia:
pingili ishirini na mbili, miguu themanini na minane ya mpira
inayonyonya ukuta na kuuachia, kunyonya na kuachia,
jicho moja, na pua ya kunusa hewa mbaya.
Ukimgusa, hujikunja.
Hilo hatukulipanga. Waya mmoja ulikuwa mfupi,
tukauacha hivyo hivyo,
kisha tukaliandika kwenye karatasi za mauzo
kama wazo lililotukesha miaka.

Nev aliingia matangini miaka thelathini na mmoja,
kwa tundu lisilopitisha mabega mpaka ujipunguze.
"Unatoa pumzi yote. Unapenya. Ndani ndipo unaivuta tena.
Colin alivuta kilichokuwamo."
Hakuongeza neno. Akatafuta bisibisi
iliyokuwa mkononi mwake.

Tulimpeleka Leeds ndani ya sanduku la tromboni,
kwenye jengo la vioo, mbele ya watu watano na sahani ya biskuti.
Bei? Pauni elfu kumi na tisa.
Cheti kwamba hatatoa cheche penye mvuke wa mafuta?
Bado miezi minane, na ada yake inalipita gari langu.
Anashindwa na nini? Lami ya moto. Gundi.
(Ngazi pia, lakini hawakuuliza.)
Kisha bwana mmoja wa soksi za manjano:
"Na mtu je, kwa siku anagharimu kiasi gani?"
Nilikuwa na jedwali. Nilikuwa na rangi tatu kwenye jedwali.
Nev akanitangulia:
"Inategemea kama atatoka."
Hakuna aliyegusa biskuti tena,
na pesa hatukupewa.

Desemba nikauza baiskeli. Januari, mashine ya kushonea.
Mwenye gereji akawa anagonga mlango kwa funguo
badala ya vidole.
Biashara ya kitu kipya ndiyo hii:
kila mtu anakusifu, kila mtu anataka kuwa wa pili kununua.

Aliyekubali kuwa wa kwanza hakutoka kwenye mafuta wala chuma.
Bi Oonagh Pybus, mwenye kiwanda cha siki,
alikuwa na tangi la baba yake, refu kuliko nyumba,
linalovuja mahali pasipoonekana.
"Vijana wangu siwaingizi humo," alisema. "Wenu huyo, sawa."
Siki ya miaka sabini ilitutoa machozi
kabla hatujawa na sababu.

Akaingia. Pingili kwa pingili, tundu likammeza.
Kwenye skrini: giza, kutu, giza, mshono wa chuma.
Akapanda. Akateleza. Akajikunja chini kama aliyetukanwa.
Nikanong'ona, kwa lugha ambayo sikumfundisha,
panda, baba, panda, usinitie aibu,
naye akanyooka, mguu baada ya mguu baada ya mguu,
hadi juu kabisa, kwenye ufa mwembamba kama unywele wa mtoto.

Bi Pybus akaagiza wawili. Malipo baada ya siku thelathini.
Ila wawe wa buluu, tafadhali; huyu mweusi anamtisha karani.

Ndipo nikamweleza Nev ile methali, yote, bila kuipaka sukari.
Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo,
akasema hiyo ndiyo iandikwe kwenye karatasi za mauzo.
Halafu akainuka, akaliendea tundu, akachungulia.
Nikaona mabega yake yanashuka:
alitoa pumzi yote, kwa mazoea,
kama mtu anayetaka kupita.
Akasimama hivyo kitambo.
Kisha akaivuta tena, huku huku nje.