Kiti Kifupi

Ijumaa saa mbili asubuhi Ruwi bado imefumba macho,
maduka ya dhahabu yameshusha vyuma,
nami navuka barabara na daftari chini ya mtandio.
Kanisani kwetu hapa hakuna kengele.
Mtu hujiita mwenyewe.

Darasa la Kipaimara ni chumba cha nyuma,
feni mbili, moja mbovu,
viti vya watoto wa miaka kumi na miwili.
Mimi nina arobaini na mitatu.
Magoti yanagonga meza. Jovan, mtoto wa Kerala, anacheka,
kisha ananisogezea kitabu chake
maana ameona nimepotea ukurasa.

Mwaka Askofu alipokuja Rombo
nilikuwa Moshi, hospitalini, nimeshika beseni la mama.
Wenzangu walipakwa mafuta.
Mimi nilirudi na jeneza,
na hakuna aliyeniuliza tena.

Mwalimu Lourdina hufundisha kwa Kiingereza cha mbio.
Nanakili. Nakariri kama namba ya simu.
Jioni, nikimkanda miguu Bibi Zuwena,
mwenye nyumba, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja,
ananiuliza: "Wamekusomesha nini leo?"
Nikijibu Kiingereza hunipiga kikofi cha mkono.
"Sema kikwetu. Usiloweza kulisema kikwetu
hujalijua."

Hapo ndipo nilipofundishwa.
Jaribu wewe kumweleza Mwislamu wa miaka themanini na sita,
mbishi, chai yake inapoa,
ni alama gani ubatizo unaacha isiyofutika.
"Kama hina?"
Hina hufutika, Bibi.
"Kama chanjo?"
Nikatazama kovu begani mwake, duara, la zamani kuliko mimi.
Nikasema: karibu.
"Karibu si jibu." Akadai chai nyingine.

Vipaji vya Roho nilivihesabu kwa vidole vya miguu yake.
Hekima, akili, shauri, nguvu,
na kwenye kile kidogo cha mwisho nakwama, kila siku nakwama,
naye, anayesahau dawa,
anayeniita kwa jina la dada yake marehemu,
husema bila kufumbua macho:
"Elimu. Vuka mguu wa pili. Ibada.
Halafu unamcha Mungu. Maliza, nilale."

Wiki ya mwisho niliungama.
Padre ni Mgoa, hajui neno langu hata moja.
Nilitubu kwa Kiswahili, yote,
hata lile la Moshi: kwamba usiku ule nilisinzia,
mama aliita mara mbili
na mara ya kwanza niliisikia.
Alisikiliza kama watu wa huku wanavyosikiliza mvua.
Akainua mkono.
Nilitoka nje, jua likanipiga usoni, sikujua pa kwenda,
nikanunua maji, nikayanywa yote nimesimama.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi.
Mkono wa Lourdina begani, mzito, una jasho.
Jovan mbele yangu kavaa viatu vya kaka yake.
Gumba la Askofu, la moto.
Jina langu, Sekunda, likatamkwa vibaya
nikaitika.

Nyumbani Bibi aliniinamisha, akanusa paji la uso.
"Nini hiki?"
Mafuta, Bibi. Yana manukato ya mti.
Akanusa tena, muda mrefu, kama anayetafuta jina la mtu.
"Basi umehitimu."
Nami nilidhani hivyo.

Simu ikalia kabla sijavua viatu. Lourdina:
watoto wa Komunyo ya Kwanza wamezidi mwaka huu,
mwalimu mmoja amehamia Doha, njoo Ijumaa, saa ile ile,
samahani, viti vyao ni vifupi zaidi.

Nikamsomea Bibi.
"Wanasoma nini hao?"
Mkate.
"Mkate?"
Akakunja uso. Akavuta mto.
Akaweka miguu yote miwili mapajani mwangu.
"Haya. Anza."