Godoro la Mama, Lowell

Kwanza nililianika siku mbili dirishani.
Jua la Oktoba huku ni la kukopa,
linakuja saa nne, saa tisa limeshadaiwa.
Nikalinyunyizia magadi, nikafyonza vumbi
kwa mashine, upande huu, kisha upande ule.
Mchagoni kulibaki duara la mafuta ya nazi.
Hilo sikulisugua.

Farjala alileta nailoni. Nikamwambia hapana,
nailoni hufungia jasho, jasho likazaa kuvu;
godoro nalo lina pumzi zake.
Nikalishonea mfuko wa marekani.
Bibi zetu kule Tanga walikiita hivyo kitambaa hiki
wasijue mji wala mto wake,
na ghala hili tulilokodi
lilikuwa kiwanda cha kukifuma.

Akataka kulisimamisha ukutani, lisile nafasi.
Likisimama litapinda, nikasema,
kama mtu kwenye foleni ya viza.
Tukalilaza juu ya mbao, sakafu isilifikie,
na juu yake hatukuweka kitu,
si sanduku, si begi, hata koti.

Miezi mitatu, alisema Mama. Nikazike, nirudi.
Theluji ya pili hii.

Kila mwezi nalipa dola arobaini na tano,
nafungua kufuli, napapasa kama kuna unyevu.
Wanashauri ligeuzwe, chini kuwe juu,
lisije likabonyea.
Mara mbili nimelishika pembe.
Lakini pana kibonde upande wa kulia,
cha mtu anayelala kwa ubavu, magoti kayakunja.

Narudisha mfuko. Nafunga vifundo.