Honi Mbili

Lusekelo alifuta kioo kwa spiriti,
akafuta tena kwa kanga kuukuu niliyoitoa kwenye buti,
akasema, Dada, hiki hakipendi vumbi wala haraka.
Akapima vidole viwili chini ya kile kioo cha kutazamia nyuma,
mbali na utepe mweusi ambao mwenye gari wa kwanza
aliubandika huko Japani, au Temeke, hatujui.
Kifaa chenyewe kidogo,
kama kipande cha sabuni kinachobaki mwisho wa mwezi.
Namba ya gari. Namba ya simu.
Ya nani?
Baba akanitazama. Yeye ana kitochi,
na maandishi madogo hayaoni.
Tukaandika yangu.

Mara ya kwanza darajani alishusha kioo.
Alisimama kabisa, akazima na redio,
akatafuta mtu wa kumsalimia.
Kiganjani noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne,
endapo mashine itakana kwamba tumelipa.
Pii.
Boriti ikanyanyuka.
Nyuma yetu lori la saruji linapiga kelele,
naye kakaa, anaitazama ile boriti juu
kama mtu aliyeitwa jina lake
katika mji asiokuwa na ndugu.
Pita, baba, nikamwambia.
Akainua mkono, akaishukuru boriti.

Wiki ya pili zikaanza meseji.
Saa sita na dakika kumi usiku: gari lako limevuka.
Saa sita na dakika kumi na tisa: gari lako limevuka.
Salio.
Kesho yake vivyo hivyo. Jumapili mara nne.
Nikahesabu kama mke anavyohesabu, ingawa mimi ni binti:
dakika tisa.
Mtu anafika kwa nani, akarudi, kwa dakika tisa?
Hata chai ya ugenini haijapoa.
Mama ana mwaka wa tatu kaburini;
nilikuwa nimekwisha kumsamehe
mwanamke wa Kurasini nisiyemjua.

Usiku mmoja nikapanda naye, nikisingizia joto.
Hakuuliza. Kibada ilikuwa gizani, umeme umekatika,
ila kwa muuza chipsi mwenye jenereta.
Tulipokaribia vibanda vya tozo, baba akapunguza mwendo,
akatoa kiwiko dirishani,
akanyanyua kidevu kidogo.
Sura ile sikuijua.
Ilikuwa ya kuazima, sura ya mtu
asiyejua kwamba geti lina uzito.
Pii.

Miaka thelathini na mmoja kule Masaki
Athumani Likwata alikuwa sikio.
Honi mbili: bosi.
Honi moja ndefu: mke wa bosi, na amekasirika.
Honi tatu fupi: watoto, wanacheza tu, lakini kimbia.
Siku za mvua alikimbia na mwamvuli
ambao haukuwa wa kichwa chake.
Geti la chuma, la kusukuma,
na bega lake la kulia likashuka chini ya la kushoto,
nasi nyumbani tulidhani
ndivyo Mungu alivyomfinyanga.

Tulizunguka upande wa pili, tukarudi.
Maji yalikuwa huko chini, hakuyatazama.
Pii.
Boriti ikakimbia kwenda juu, na mvua imeanza kunyesha.

Umesikia? akasema.
Moja tu. Wala haikuuliza nani.

Asubuhi nilitoa pesa ya gesi kwenye bahasha,
nikaongeza salio, la kutosha hadi Idi.
Tutapikia mkaa. Nimewahi kupikia mkaa.

Saa sita na dakika kumi simu ikatetemeka juu ya stuli.
Sikuisoma.
Niliilaza kifudifudi,
nikasubiri dakika tisa,
kisha nikaenda kumfungulia mlango
kabla hajabisha.