Andika Ulichokiona

Ofisi ya msaada wa kisheria iko Mabatini,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki.
Ngazi zake ni kumi na saba. Nazijua
kwa sababu nilisimama katika kila moja,
bahasha ya kaki kwapani: cheti cha ndoa,
vyeti viwili vya kuzaliwa, daftari la deni la saruji.

Bi Ng'walu hakuniuliza kama nimesali,
wala nilimkosea nini mume wangu.
Alivuta kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja:
"Anza popote. Ila andika ulichokiona.
Ulichosikia kwa majirani, kiache kwa majirani."

Nikamwambia sina tarehe.
Najua tu aliuza cherehani yangu mwaka ule ziwa lilipopanda
likala choo cha kina Bugumba na nusu ya mwalo;
kwamba aliondoka dagaa hawajakauka,
nikawageuza peke yangu juu ya chanja, jua la saa saba,
nikidhani amekwenda kununua chumvi.
Akahesabu kwa vidole, akapekua kalenda,
na kilio changu cha miaka kikatoka kwenye printa
kikiwa aya ya tano, kimenyooka, kimepigwa mstari.

Humo Lusangija anaitwa mjibu maombi.
Nami niliyekuwa mke wa fulani, mama wa fulani,
ng'ombe kumi na mmoja wa baba yangu,
naitwa mwombaji.
Sikulipenda neno. Mwombaji hukaa nje ya msikiti Ijumaa.
Bi Ng'walu akacheka mpaka akavua miwani:
"Wewe huombi sadaka, mama. Unaomba chako."

Baraza la kata tulishafika.
Mara ya kwanza hakuja.
Mara ya pili alikuja na mjomba wake,
mjomba akaanza na ng'ombe, akamaliza na ng'ombe.
Ndipo Lusangija, macho kwenye simu, akatoa mizani yake:
"Mapacha ni wawili, na sisi ni wawili.
Kulwa aje kwangu, Doto abaki kwake."
Kama mtu anayegawa sato pale Kirumba,
kichwa huku,
mkia kule.
Mwenyekiti akagonga muhuri: usuluhishi umeshindikana.
Muhuri ule una sauti ndogo sana.

Watoto walikuwa dirishani.
Hilo sikulijua mpaka asubuhi,
nilipowakuta kizingitini na sare zao, wameganda.
Kamba ya kiatu cha kushoto cha Kulwa
imefungwa kwenye ya kulia ya Doto,
kwa fundo la nyavu, lile lisiloteleza,
lile alilowafundisha baba yao.
Nilipiga magoti na wembe mkononi.
Nikaurudisha mfukoni.
Walikwenda shule hivyo, wanateremka mawe
kwa miguu mitatu, bila kuanguka.

"Hili nalo huandikwa?" nilimuuliza Bi Ng'walu.
Kalamu yake ilikuwa imesimama kitambo.
"Uliliona?"
"Kwa macho yangu."
"Basi hii ndiyo aya ya kwanza."

Sasa Jumamosi huwafuata wote wawili,
saa tatu hadi saa kumi na moja, ndivyo hukumu isemavyo.
Haingii ndani. Husimama kwenye jiwe lililo karibu na bomba,
nami hujifanya nina vyombo vya kuosha.
Matunzo huja kwa simu; mwezi mwingine hayaji,
na yasipokuja napanda tena ngazi zile,
siku hizi bila kusimama.
Nyumba bado. Nyumba inasubiri mthamini,
na mthamini anasubiri sijui nini.

Juzi wamerudi wananuka mafuta ya mashine ya mtumbwi,
wanajua fundo jipya, gumu kuliko la kwanza.
Nikaketi chini, nikawapa kamba, nikawaambia nifundisheni.
Vidole vyangu bado havijalishika.